Kiapo cha Mkanamungu

Jumatatu ya tarehe 3 Mei 1880, Charles Bradlaugh, mbunge mpya wa Northampton, alisogea mbele ya meza ya Bunge la Uingereza akiwa na karatasi mkononi. Wenzake walikuwa wakiapa mmoja baada ya mwingine, kwa jina la Mungu, kwamba watakuwa watiifu kwa Malkia Victoria. Yeye aliomba asiape, bali athibitishe utiifu wake kwa kauli yake mwenyewe, kama sheria ilivyokuwa imekwisha kumruhusu kufanya mahakamani. Ombi hilo lilichukua karibu miaka sita kumalizika. Katika miaka hiyo wapiga kura wa jimbo lake walimchagua mara tano, Bunge likamfukuza, likamfunga, na polisi wakambeba mzobemzobe hadi uani.

Siku hizi watu huuliza kama ukanamungu nao ni dini, na aghalabu huuliza ili kushinda ubishi. Muumini hutaka kumwonyesha mwenzake kwamba naye anashikilia jambo asiloweza kulithibitisha. Asiyeamini huona ametukanwa. Lakini swali hili ni zito kuliko ubishi wa barazani. Limeamua nani atoe ushahidi kortini, nani apelekwe vitani, chama kipi kisajiliwe na nani akae bungeni. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ukanamungu si dini. Ila serikali nyingi zilitunga sheria kana kwamba dhamiri ya mtu hupitia dini tu, na hapo watu wasio na dini walilazimika ama kukosa haki, ama kuazima jina lisilo lao.

Kwa karne nyingi ukanamungu ulikuwa tuhuma, si jina ambalo mtu alijiita. Wakristo wenyewe waliwahi kutuhumiwa hivyo. Katika karne ya 2, huko Smirna, mji unaoitwa leo Izmir, liwali wa Kirumi alimtaka askofu mzee Polikarpo aape kwa jina la Kaisari na awalaani wakanamungu, yaani Wakristo wenzake waliokataa kuabudu miungu ya dola. Mzee aliwatazama wapagani waliojaa uwanjani, akawanyoshea mkono, akatamka maneno yale yale akiwakusudia wao. Kuapa alikataa. Walimchoma moto.

Karne nyingi baadaye Ukristo ndio uliokuwa dola, na kiapo kikabaki kuwa kipimo cha nani ni mtu wa kuaminiwa. John Locke, ambaye barua yake ya 1689 kuhusu uvumilivu wa dini inasomwa hadi leo kama nguzo ya uhuru wa dhamiri, aliwaacha wakanamungu nje ya uvumilivu huo. Hoja yake ilikuwa kwamba ahadi, mapatano na viapo, vitu vinavyoifunga jamii pamoja, haviwezi kumshika mtu asiyemhofu Mungu. Sheria ya Uingereza iliifuata hoja hiyo kwa uaminifu wa kusikitisha. Waquaker, ambao Kanisa lao la Marafiki lina waumini wengi magharibi mwa Kenya, walisoma katika Injili kwamba wasiape kabisa. Tangu mwishoni mwa karne ya 17 wakaruhusiwa kuthibitisha badala ya kuapa. Mwaka 1744, katika kesi ya mfanyabiashara wa Calcutta, mahakama ya London ilikubali ushahidi wa Wahindu walioapa kwa desturi ya dini yao. Myahudi Lionel de Rothschild aliingia bungeni mwaka 1858 baada ya kuruhusiwa kuapa bila maneno ya Kikristo. Kila mwenye Mungu wake alipata njia, hatua kwa hatua. Asiye na Mungu hakuwa na wa kumwapia, kwa hiyo hakuwa na njia. Ukimkopesha mtu fedha, naye akajua kwamba wewe ni mkanamungu, angeweza kukudhulumu na ushahidi wako usisikilizwe. Jambo hilo lilimpata Bradlaugh mwenyewe katika kesi ya deni, kabla ya sheria za 1869 na 1870 kurekebisha mambo ya ushahidi.

Bradlaugh alizaliwa mwaka 1833 huko Hoxton, mashariki mwa London, mtoto wa karani wa wakili. Alikuwa kijana wa kanisani hasa. Akiwa bado na umri mdogo alifundisha watoto shule ya Jumapili, na kasisi wa parokia, Askofu wa London alipokuwa anatarajiwa kuja kutoa kipaimara, akamwambia ajiandae vizuri. Kijana akajiandaa kupita kiasi. Alizilinganisha Injili nne na yale mafundisho 39 ya Kanisa la Uingereza, akaona yasiyopatana, akamwandikia kasisi kumwomba amsaidie kuelewa. Kasisi alimwandikia baba yake kwamba mtoto ameingia katika ukanamungu, akamsimamisha kufundisha kwa miezi mitatu. Kijana alikuwa ameuliza swali, akarudishiwa jina. Hakufika hata miaka 17 alipoondoka nyumbani kwao, akapokelewa na Elizabeth Sharples, mjane wa mpiganaji wa uhuru wa magazeti Richard Carlile.

Nasita hapa kidogo, kwa sababu watu hudhani mkanamungu huanza kwa kiburi. Huyu alianza kwa bidii ya kusoma Biblia.

Alijiunga na jeshi mwaka 1850, akatumikia Ireland, kisha akarudi London kuwa karani katika ofisi ya wakili. Mchana aliandika barua za mwajiri wake. Usiku alihutubia kumbi za wafanyakazi kwa jina la kujificha, Iconoclast, ili asimwaibishe mwajiri huyo. Mwaka 1866 alianzisha National Secular Society, chama cha watu waliotaka dola na shule zitenganishwe na kanisa. Msimamo wake kuhusu Mungu ulikuwa wa uangalifu kuliko walivyodhani maadui zake. Hakusimama jukwaani kutangaza kwamba Mungu hayupo. Alisema kwamba hajapewa maana ya jina hilo ambayo angeweza kuikubali au kuikana. Huo ndio ukanamungu aliokwenda nao bungeni, na ndani yake huoni nabii, kitabu, sikukuu wala mwongozo wa namna ya kuoa na kuzika.

Alipochaguliwa Northampton Aprili 1880 alikuwa na maadui wa kila rangi. Alipinga ufalme. Miaka mitatu kabla, yeye na mwenzake wa chama, Annie Besant, walikuwa wameshtakiwa kwa kuchapisha kijitabu cha daktari Mmarekani kuhusu kupanga uzazi, wakahukumiwa, kisha hukumu ikatenguliwa kwenye rufaa. Kwa hiyo waliomzuia bungeni hawakuwa wakiitetea imani peke yake. Lakini imani ndiyo silaha waliyoiona karibu.

Kamati ya Bunge ilikaa kujadili kama sheria ya kuthibitisha mahakamani inamhusu pia mbunge. Kwa tofauti ya kura moja ikasema haimhusu. Basi Bradlaugh akasema ataapa kama wengine. Ila alikuwa mtu mkweli kwa namna iliyomponza: alichapisha barua akieleza kwamba maneno ya kiapo yanayomtaja Mungu hayana maana kwake, na kwamba kitakachomfunga ni ahadi yenyewe. Tarehe 21 Mei alipokwenda mezani kuapa, wapinzani wakasimama. Mtu aliyekiri kwamba kiapo ni maneno matupu kwake, walisema, hawezi kuruhusiwa kukitamka. Angalieni alivyobanwa: hakuweza kuthibitisha kwa kuwa hakuwa na dini inayomkataza kuapa, na hakuweza kuapa kwa kuwa hakuwa na dini inayompa wa kumwapia. Bunge lilikuwa likimwambia, bila kusema waziwazi, kwamba ili uwawakilishe wafanyakazi wa viatu wa Northampton lazima kwanza uwe na dini, yoyote ile.

Tarehe 23 Juni alikataa kuondoka ukumbini, akafungwa usiku kucha katika chumba cha mnara wa saa, chini ya kengele ya Big Ben. Ndiye wa mwisho miongoni mwa wabunge kufungwa humo. Julai, Waziri Mkuu William Gladstone akapitisha azimio la kumruhusu athibitishe kwa hatari yake mwenyewe. Akakaa, akapiga kura, na papo hapo akashtakiwa adaiwe faini ya pauni 500 kwa kila kura. Mahakama ikasema hakuwa na haki ya kuthibitisha. Kiti kikawa wazi. Aprili 1881 wapiga kura wakamrudisha. Tarehe 3 Agosti alijaribu kuingia, watumishi wa Bunge na polisi wakamkamata mlangoni. Alikuwa mtu mrefu, mpana, mwenye nguvu za askari, naye alipinga kila ngazi waliyomshusha hadi koti lake likachanika. Nje umati wa wafuasi wake ulikuwa ukingoja ishara tu. Hakuitoa ishara hiyo, na kwangu mimi hilo ni miongoni mwa mambo makubwa aliyoyafanya.

Februari 1882 aliingia ghafla, akatoa Agano Jipya mfukoni, akajiapisha mwenyewe, akatia sahihi na kuketi. Wakamfukuza. Northampton ikamchagua tena Machi. Ikamchagua tena 1884, na tena 1885.

Katikati ya vuta nikuvute hiyo ilitoka hotuba moja ambayo ningependa kila muumini aijue. Tarehe 26 Aprili 1883 Gladstone alisimama kutetea muswada wa kuwaruhusu wabunge wote kuthibitisha. Gladstone alikuwa Mkristo wa dhati, msomaji wa vitabu vya kanisa, mtu ambaye mafundisho ya Bradlaugh yalimchukiza. Hoja yake haikuwa kwamba dini haina maana. Aliwaambia wapinzani wake kwamba kiapo wanachokipigania kinamkubali mtu yeyote anayesema kuna mungu fulani, hata mungu wa mbali asiyejali binadamu, na kuonyesha mungu wa aina hiyo akakariri kwa Kilatini mistari ya mshairi Lucretius. Je, hilo ndilo lililobaki la Ukristo wa Uingereza, kumfungia nje mtu mmoja mkweli na kumfungulia mlango kila mnafiki? Alidai kwamba kipimo hicho kinaidhalilisha imani yenyewe. Muswada ulishindwa kwa kura tatu, 292 dhidi ya 289.

Mwisho ulikuja bila kelele. Januari 13, 1886, Spika mpya, Arthur Wellesley Peel, alikataa kumsikiliza yeyote aliyetaka kumzuia mbunge kuapa. Bradlaugh akaapa kama wengine, akaketi. Miaka miwili baadaye yeye mwenyewe aliupeleka bungeni muswada uliozaa Sheria ya Viapo ya 1888. Sheria hiyo ilisema kwamba anayekataa kuapa, ama kwa kuwa hana imani ya dini ama kwa kuwa kuapa ni kinyume cha dini yake, aruhusiwe kuthibitisha popote kiapo kinapohitajika. Tarehe 27 Januari 1891 Bunge lilifuta katika kumbukumbu zake azimio lililomzuia. Alikuwa kitandani, mahututi. Alifariki tarehe 30. Kwa kuwa alikuwa ametetea sana mambo ya India bungeni, na mwishoni mwa 1889 alihudhuria mkutano wa Indian National Congress mjini Bombay, Wahindi wengi wa London walikwenda kumzika Brookwood. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wa sheria mwenye umri wa miaka 21, Mohandas Gandhi.

Sheria ya 1888 haikutamka mahali popote kwamba ukanamungu ni dini. Iliwaweka watu wawili bega kwa bega, asiye na imani na yule ambaye imani yake inamkataza kuapa, ikawapa wote kauli moja. Sioni sheria iliyolijibu swali hili kwa akili zaidi ya hiyo.

Wapo watakaosema kwamba wafuasi wa Bradlaugh walikuwa na kila alama ya dini. Ni hoja ya kweli kiasi. Walikutana Jumapili. Walikuwa na vitabu vya nyimbo na taratibu za kuwapa watoto majina na za mazishi. Leicester walijenga ukumbi wao mwaka 1881, nao bado umesimama. Na Annie Besant, aliyekuwa msemaji wao mkubwa baada ya Bradlaugh, aliwaacha mwaka 1889 akaingia Theosofia, harakati ya kiroho, kana kwamba ile kiu haikukata. Lakini watu hukutana, huimba na huzikana kwa sababu ni watu. Chama cha wafanyakazi kina nyimbo, bendera na michango ya misiba, wala hakuna anayekiita kanisa. Chama cha Bradlaugh kilikuwa na ukumbi. Hakikumdai mwanachama aamini jambo fulani ili aokoke, wala hakikumwambia aliyetoka kwamba amepotea milele.

Wengine walivuka mpaka huo, na yaliyowapata yanasema mengi. Novemba 10, 1793, wanamapinduzi wa Paris waliligeuza kanisa kuu la Notre-Dame kuwa Hekalu la Akili, wakamkalisha mwigizaji wa opera juu ya kilima cha mbao awe sura ya Uhuru. Robespierre, kiongozi wa mapinduzi hayo, aliuchukia ukanamungu huo, akiuona anasa ya matajiri. Waliouongoza, Hébert na Chaumette, walikatwa vichwa masika ya 1794. Juni 8 Robespierre akaongoza ibada yake mwenyewe ya Kiumbe Mkuu, akaichoma sanamu ya Ukanamungu mbele ya umati. Wiki saba baadaye kichwa chake nacho kikakatwa.

Auguste Comte, mwanafalsafa Mfaransa, alikuwa mpole zaidi. Aliunda Dini ya Ubinadamu: kalenda ya miezi 13 yenye majina ya watu wakuu wa historia, sakramenti, makuhani na katekisimu iliyotoka 1852. Ufaransa ilimpuuza kwa sehemu kubwa, lakini Brazil ilimpokea. Kanisa la Positivism lilianzishwa Rio de Janeiro mwaka 1881, na maneno ya utaratibu na maendeleo yaliyo kwenye bendera ya Brazil yametoka kwake. Comte alisema wazi kwamba anaanzisha dini. Mimi namkubalia: huyo kweli alianzisha dini, ijapokuwa haikuwa na Mungu.

Kisha Urusi. Mwaka 1925 Wabolsheviki waliunda chama kilichokuja kuitwa Umoja wa Wakanamungu Wapiganaji, chini ya Yemelyan Yaroslavsky, ambacho mwanzoni mwa miaka ya 1930 kilidai wanachama zaidi ya milioni tano. Walikuwa na gazeti, makumbusho, na sherehe za kuwapokea watoto wachanga badala ya ubatizo. Wazazi waliwaita watoto Vladlen na Ninel kwa heshima ya Lenin. Kanisa kuu la Kristo Mwokozi mjini Moscow lililipuliwa kwa baruti tarehe 5 Desemba 1931. Mwili wa Lenin ulilazwa katika kaburi la fahari, watu wakapanga foleni kuutazama kama mahujaji. Ukitafuta ukanamungu uliofanana na dini, na dini katika sura yake mbaya kabisa, huu hapa. Lakini tazama kilichoabudiwa. Hakikuwa ukanamungu, kilikuwa chama na dola yake, na kutoamini kukafanywa kiapo cha utiifu kwa dola hiyo, sawa na lile jina la Kaisari ambalo Polikarpo alitakiwa aape kwalo. Mwaka 1937 Stalin aliruhusu swali la dini liwekwe katika sensa. Baada ya miaka yote hiyo ya kulazimishwa, zaidi ya nusu ya watu wazima waliojibu walisema wanaamini. Sensa ikafichwa, na walioisimamia wakaadhibiwa.

Marekani ilifika kwenye swali hili kwa njia nyingine, na kwa hisani iliyoleta mkanganyiko. Roy Torcaso, mkazi wa Maryland, aliteuliwa kuwa mthibitishaji wa hati, kazi ya mihuri na sahihi. Katiba ya jimbo lake ilimtaka atamke kwamba anaamini Mungu yupo. Alikataa, akanyimwa kazi. Juni 19, 1961, Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa haki kwa kauli moja. Jaji Hugo Black, mwandishi wa hukumu, aliongeza tanbihi ndogo akitaja dini ambazo hazifundishi kuwapo kwa Mungu: Ubuddha, Utao, jumuiya ya maadili iliyoitwa Ethical Culture, na ubinadamu wa kisekula. Hukumu yenyewe haikuhitaji tanbihi hiyo hata kidogo. Ndiyo iliyosomwa kuliko hukumu.

Ikaja vita ya Vietnam. Sheria ya jeshi iliwasamehe kupigana wale tu ambao mafunzo na imani ya dini viliwakataza. Kijana Daniel Seeger alijaza fomu akaliwekea neno dini alama za kunukuu na kukata maneno kuhusu mafunzo. Akasema suala la kuwapo kwa Mungu analiacha wazi. Alihukumiwa kifungo, mwaka 1965 Mahakama ya Juu ikamwachia, ikisema inatosha imani ya kweli inayoshika katika maisha ya mtu nafasi ile ile ambayo Mungu hushika katika maisha ya muumini. Elliott Welsh alikwenda mbali zaidi, akalifuta neno dini kabisa. Alikuwa amehukumiwa miaka mitatu. Mwaka 1970 naye akashinda, na majaji wakaeleza kwamba anasamehewa kwa sheria ya watu wa dini, ingawa mwenyewe alikuwa amekana kwamba ana dini.

Naelewa kwa nini majaji walifanya hivyo. Kijana alikuwa anakwenda jela kwa kukataa kuua, na sheria ilikuwa na tundu moja tu la kumtoa. Walilipanua tundu. Lakini ukimwita mtu kwa jina alilolikataa ili umwokoe, umempa haki yake kwa mkono mmoja na kumnyang'anya ukweli wake kwa mwingine. Na majina hayakai mahali yalipowekwa. Machi 1987 jaji mmoja wa Alabama, Brevard Hand, alichukua hoja ile ile akaigeuza: kama ubinadamu wa kisekula ni dini, basi vitabu vya shule visivyomtaja Mungu vinafundisha dini hiyo kwa fedha za umma. Akavipiga marufuku vitabu 44. Mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo mwaka huo huo. Mwaka 2005 mfungwa mmoja wa Wisconsin aliomba kikundi cha wakanamungu kikutane gerezani kama vilivyokutana vikundi vya dini, na mahakama ya rufaa ikasema kwamba, kwa madhumuni ya katiba, ukanamungu wake uhesabiwe dini. Kwa kuwa alichonyimwa ni mahali pa kukutana, ningeridhika zaidi na hukumu iliyosema kwamba mfungwa asiye na dini ana haki ya kuketi na wenzake kuzungumza, basi.

Uingereza ilikuwa imekwisha kwenda njia ya kinyume. Mwaka 1980 Jaji Dillon aliamua kwamba jumuiya ya maadili ya South Place, London, si dini, kwa kuwa dini inahitaji imani katika mungu na ibada ya mungu huyo. Akaipa nafuu ya kodi kwa sababu inaelimisha umma. Haki ilitolewa, na hakuna aliyebatizwa kwa nguvu.

Kwetu Afrika Mashariki sheria ya Bradlaugh ilifika pamoja na ukoloni, na bado ipo, ingawa sijui wangapi wanamhusisha nayo. Sheria ya viapo ya Kenya inamruhusu kuthibitisha yule asiye na imani ya dini na yule ambaye dini yake inamkataza kuapa, karibu kwa maneno yale ya 1888. Ya Tanzania, ya mwaka 1966, inaongeza wote walio na dini isiyo ya Kikristo. Ndiyo maana katika mahakama za Tanzania Mkristo huapa na Mwislamu huthibitisha, na asiye na dini yoyote akisimama kizimbani hutumia mlango ule ule wa Mwislamu. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa hilo Mwislamu amegeuka mkanamungu, au mkanamungu amepata dini.

Hata hivyo mambo yalichafuka Nairobi mwaka 2016. Jumuiya ya Wakanamungu wa Kenya, baada ya kukataliwa mwanzoni kwa hofu kwamba ingeharibu amani na utulivu, ilisajiliwa Februari. Viongozi wa dini walilalamika, na mwaka huo huo Mwanasheria Mkuu, Githu Muigai, akausimamisha usajili huo. Hofu iliyotajwa ilikuwa ya amani, lakini nyuma yake ilisikika nyingine: kwamba dola imeitambua dini ya kumkana Mungu, katika nchi ambayo utangulizi wa katiba yake unaukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu. Dola haikuwa imetambua dini yoyote. Sheria ya Vyama husajili makanisa, na husajili pia vyama vya ustawi wa watu wa kijiji kimoja waishio mjini. Muumini aliyeudhiwa na usajili ule aliudhiwa na kitu ambacho hakikutokea.

Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu wapatao 755,000 katika safu ya wasio na dini na wakanamungu, ikiwachanganya wote pamoja. Tanzania haijauliza dini katika sensa tangu 1967. Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya 2010, kwa upande wake, inataja mambo matano ambayo kila mtu ana uhuru nayo: dhamiri, dini, fikra, imani na maoni. Wale waliokwenda kwa msajili Nairobi hawakuhitaji neno la pili katika orodha hiyo. La kwanza, la tatu na la tano yalikuwa yanawatosha.